Dkt. Rodah Cherotich na Nitrojeni Isiyomeza Kitu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Dkt. Rodah Cherotich anastaafu baada ya kuitumikia Taasisi ya Sayansi ya Milima ya Chai kwa miaka thelathini na mmoja. Mkurugenzi wetu, Bwana Kiptum, ameniomba niandike ukurasa mmoja wa maneno matamu. Kuandika nilikubali. Utamu sikuahidi, na kuhusu ukurasa mmoja mtajionea wenyewe.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Clifford Ojwang, mwenzake katika Maabara ya Gesi. Tumefanya kazi meza zikiwa zimegusana, na nimegombana na Dkt. Rodah kwa muda mrefu kuliko ndoa za wengi wenu. Anayetaka sifa bila magomvi angempa kazi hii mtu wa uhasibu, ambaye amemwona mara moja kwa mwaka akija kuuliza kwa nini pampu haijanunuliwa.

Kwanza niondoe ujinga mmoja ambao umelelewa hapa taasisini kwa muda wote huo. Maabara ya Gesi haijazi mitungi ya kupikia. Haijawahi. Lakini kila Desemba wafanyakazi wenzetu, wengine wakiwa na shahada mbilimbili ukutani, hutujia na mitungi mitupu juu ya bodaboda wakiomba kidogo tu ya sikukuu. Afisa mmoja kutoka Bomet alitutembelea rasmi, akazungushwa, akaelezwa, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha alipofika mlangoni akauliza kama tunakubali kubadilisha mtungi wa kilo sita kwa wa kilo kumi na tatu. Dkt. Rodah alimjibu kwamba mitungi tunayo, ila gesi yetu haichemshi hata kikombe kimoja cha chai. Yule bwana akaondoka akiwa ameridhika kwamba tunamficha.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Tuna chumba cha chuma, kikubwa kidogo kuliko mkebe wa kupelekea maziwa kwenye kiwanda, na ndani yake mna sahani mbili zinazotazamana. Tunanyonya hewa yote kwa pampu, tunaingiza gesi moja safi, kidogo sana, kisha tunaachilia elektroni zitoke kwenye sahani moja zikimbilie nyingine kwa nguvu ya umeme. Njiani zinakutana na molekuli za gesi. Elektroni yenye mbio ikigonga molekuli inaweza kung'oa elektroni nyingine, zikawa mbili, nazo zikang'oa nyingine tena, mkondo ukapanda. Lakini zipo molekuli zenye tabia ya kumeza. Oksijeni humeza, mvuke wa maji humeza. Elektroni iliyomezwa haing'oi tena chochote, na mkondo unapungua. Sisi tunapima ni ngapi zimeng'olewa na ni ngapi zimemezwa. Basi. Kwa vipimo hivyo watu huelewa radi inavyoanza, na huchagua gesi ya kutia ndani ya swichi kubwa za umeme ili zisilipuke. Ikiwa baada ya maelezo haya bado umeshika mtungi, tafadhali upeleke kwenye kituo cha mafuta.

Dkt. Rodah ni mzaliwa wa karibu na Silibwet, mtoto wa nyumba ya chai na ng'ombe wa maziwa, na mpaka leo anaishi huko huko. Alijiunga nasi kama msaidizi wa utafiti, wakati maabara ilikuwa nyumba iliyoachwa na karani wa shamba la chai, na bafu lake bado liko. Chumba cha chuma kilitoka ng'ambo, kwa chuo kilichokuwa kinataka kukitupa. Taasisi ilikipokea kwa hema, hotuba na mbuzi wa kuchoma, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyeuliza kama kimekuja na pampu. Hakikuja nayo. Kwa muda mrefu Dkt. Rodah alikaa na chumba kisichoweza kutolewa hewa, akikipangusa vumbi kila asubuhi, huku ripoti ya mwaka ikimwita kitovu cha ubora.

Pampu ilipofika hatimaye, alianza kupima na hakuacha tena. Aliweka sheria zake, na sheria zake hazikuwa na msamaha. Vipimo ni asubuhi tu, kwa sababu alasiri ngurumo za kwetu huja bila kukosa, na sindano ya kipimo huruka hovyo. Mtafiti mmoja mgeni aliyepuuza sheria hiyo alishangilia mruko mmoja mkubwa wa mkondo na kuanza kupiga simu Nairobi. Dkt. Rodah alimfungulia dirisha akamwonyesha wingu lililokuwa linatoka upande wa Londiani. Tangu hapo simu zote zilibaki kwa Bitutu, katibu wetu, ndani ya kikapu cha kununulia mboga. Hata simu ya Mkurugenzi ililala mle ndani, juu ya simu za wafagiaji, na sidhani kama amesamehe.

Ulimi wake mnaujua, maana wengi mna alama zake. Ripoti mbovu hakuirudisha na maoni. Aliirudisha na kalamu. Katika semina alikaa safu ya mbele, akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akauliza swali moja: "Umepima ama umesikia?" Kuna watu wenye vyeo vikubwa hapa ambao tangu waulizwe hivyo hawajakanyaga semina ya Alhamisi, wakidai kwamba Alhamisi wana kliniki ya meno.

Vipimo vyake vya oksijeni, vya kaboni dioksidi na vya hewa kavu vimesimama imara. Vimo vitabuni, vinatumiwa na watu ambao hawajui Kericho iko bara gani. Hapa kwetu havikuandaliwa hata soda. Sababu ni kwamba vilikubaliana na vipimo vya wengine, na Mkurugenzi wetu hapendi kipimo kinachokubaliana na cha mtu mwingine. Huona kama tumenakili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mnasubiri niliruke.

Gesi yetu, kabla ya kuingia kwenye chumba cha chuma, hupita ndani ya bomba lililojazwa makaa laini yanayonasa uchafu. Makaa hayo ni maalumu na huagizwa kutoka nje. Miaka kadhaa iliyopita yalikwama bandarini kwa kukosa muhuri fulani, na ofisi ya ununuzi ikatuandikia tuwe na subira. Dkt. Rodah hakuumbwa na subira. Alienda nyumbani Silibwet, na Jumatatu akarudi na mkebe wa kakao uliojaa makaa ya senetwet.

Kwa wale ambao hawakuzaliwa huku, senetwet ni mti mdogo wenye maua ya manjano. Kijiti chake huchomwa, na ncha iliyoiva kwa moto husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ndicho kinachokisafisha kibuyu na kuyapa maziwa harufu ile ambayo watu wa hapa huililia wakienda mbali. Katika milima hii unaweza kutilia shaka mchungaji, daktari na mwenyekiti wa chama cha akiba, lakini hutilii shaka makaa ya senetwet. Dkt. Rodah aliyasaga, akayachekecha, akajaza bomba. Hakuna aliyepinga. Mimi ni mtu wa ziwani na mursik hunisumbua tumbo, lakini kwangu pia makaa yalikuwa makaa.

Yalifanya kazi, tena vizuri. Uchafu uliokuwa unatusumbua ulipungua. Kisha, taratibu, nitrojeni yetu ikaanza kumeza elektroni.

Nitrojeni haimezi. Iandikwe hapa ili hata wenye mitungi waelewe: elektroni inaipita nitrojeni, inaigonga, inaweza kuing'olea elektroni nyingine, lakini haimezwi. Kila kitabu kinasema hivyo. Yetu ilikuwa inameza, kidogo, lakini kila tulipopima. Dkt. Rodah alitafuta mahali panapovuja. Alipaka kila kiungo povu la sabuni, akabadilisha mipira yote ya kuzuia hewa, akabadilisha mtungi, akasugua sahani. Hapakuvuja popote. Mtu wa kawaida angesema kuna kitu hatujakiona. Yeye, mwanamke aliyewafukuza watu semina kwa swali moja, alisema ni nitrojeni yenyewe. Akaandika makala, na jarida moja la ng'ambo likaichapisha.

Bwana Kiptum alifurahi kama baba wa mapacha. Aliubatiza ugunduzi huo Athari ya Kericho. Ukawekwa kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye bango la njia panda, na kwenye vikombe ambamo molekuli ya nitrojeni ilichorwa ikiwa na mdomo na meno. Ninacho kimoja, naweka skrubu. Wageni waliletwa na magari ya serikali kuangalia chumba chetu, wakapigwa picha mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nini kinachomezwa.

Mimi nilisema ni maji. Sababu yangu ilikuwa moja: Athari ilinenepa msimu wa mvua na kukonda Januari. Nitrojeni imefungiwa ndani ya chuma, imeletwa na lori kutoka Nakuru. Itajuaje kwamba Kericho kunanyesha? Dkt. Rodah aliniuliza maji hayo yanaingilia wapi. Nikasema dirishani. Akaziba dirisha kwa plastiki na gundi, akapima, ikameza vilevile. Nikasema darini. Akaziba dari. Hapo nikarudi mezani kwangu, maana nyumba ilikuwa imekwisha.

Maabara moja ya ng'ambo ilirudia kipimo chake na haikuona kitu. Aliwajibu kwamba hawajui kusafisha gesi. Nilimwambia jibu hilo ni la kiburi. Tukanuniana. Msimu mzima wa mvua ndefu tulizungumza kupitia Bitutu. Mama wa watu alikuwa anaacha kazi yake, anavuka uani na mwavuli, anakuja kuniambia kwamba Daktari, aliyekaa mbele ya pua yangu, anaomba bisibisi. Nami namjibu Bitutu kwamba amwambie Daktari bisibisi iko mkononi mwake.

Baadaye tulirudi kuzungumza, mambo ya kazi tu. Na kustaafu kukawa kunakaribia. Bwana Kiptum akatangaza kwamba nyumba ya karani sasa itaitwa Maabara ya Dkt. Rodah Cherotich. Jiwe la ukutani lilichongwa na fundi wa Kericho mjini, jeusi, lenye herufi za dhahabu: jina lake, miaka yake ya kazi, na chini yake maneno Mgunduzi wa Athari ya Kericho. Liliwekwa kwenye korido likiwa limefunikwa gunia, lisubiri siku ya kuagana.

Mniruhusu niseme jambo moja bila kejeli. Alilitaka jiwe lile. Siku moja nilitokea upande wa bafu nikamwona ameinama, amelifunua gunia, anasoma jina lake polepole kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akafunika, akanyoosha kona za gunia vizuri. Mtu aliyetumia maisha yake kwenye chumba ambacho wenzake wanakiletea mitungi ya kupikia ana haki ya kutaka jina lake liwe ukutani. Nilirudi nyuma kabla hajaniona.

Mwezi wa Agosti nyumba yake ilikuwa inatarajia wageni wa mahari ya binti yake. Alikuwa jikoni akitayarisha vibuyu, wifi yake Joan akimsaidia. Kuni zilikuwa mbichi, moto unasumbua. Joan, ili wamalize haraka, akapendekeza watumie makaa ya senetwet yaliyobaki wiki iliyopita. Dkt. Rodah akamkatalia kwa ule ukali tunaoujua. Makaa yaliyolala hayagusi kibuyu. Yanakunywa unyevu, kibuyu kinavunda, maziwa yanaharibika, na wageni wanaenda kusimulia. Kijiti cha kibuyu ni cha kutoka motoni, sasa hivi. Hilo alifundishwa na mamake kabla hajajua kusoma, na hajalivunja hata siku moja.

Alinieleza mwenyewe kwamba alipomaliza kusema hayo alikaa chini juu ya kigoda, kibuyu kikiwa magotini, akasahau kukisugua. Joan alidhani ni presha.

Maana makaa ya maabara yalikuwa yanalala. Yalilala miaka ndani ya mkebe wa kakao, kwenye kabati, katika nchi ambayo hata chumvi hulowa mezani. Kila alipojaza bomba upya, alijaza makaa yaliyoshiba unyevu. Nitrojeni ilipita ikiwa safi, ikatoka na mvuke wa maji, na mvuke ndio uliokuwa unameza elektroni. Msimu wa mvua makaa yalikunywa zaidi, Januari kidogo. Hapakuvuja popote kwa sababu maji hayakutoka nje. Yalikuwa ndani, mahali pale pale tulipopategemea kwa usafi.

Basi mwanamke ambaye hawezi kumpa mgeni maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya jana, aliipa nitrojeni makaa ya mwaka juzi, akaiita ugunduzi. Na msimcheke peke yake. Wakaguzi walikuja mara tatu, wote wazaliwa wa milima hii, wote wamelelewa kwa mursik. Walikagua pampu, nyaya, sahani, hata viatu vyetu. Walipofika kwenye bomba waliuliza ni makaa gani, wakaambiwa ni senetwet, wakapiga alama ya sawa. Mgeni kutoka mbali angeuliza yamekaa muda gani. Sisi hatukuuliza kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua makaa hayo tangu utotoni.

Jumatatu yake alifika kabla ya mlinzi kubadilishwa. Aliyachoma makaa kwenye tanuri kutwa nzima kwa moto mkali, akayatia bombani yakiwa bado ya moto huku pampu ikinyonya, na kesho yake asubuhi akapima. Nilikuwepo. Nitrojeni haikumeza kitu. Akarudia mara kadhaa, haikumeza. Akatoa makaa hayo, akarudisha ya mkebe, ikameza kama kawaida yake. Hakulia, hakulaani. Alizima mitambo kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeukia.

"Ni maji," akasema. "Lakini wewe ulisema dirisha, kwa hivyo usifurahi."

Sikufurahi. Nilikuwa nalifikiria lile jiwe, na najua naye alikuwa analifikiria.

Alienda kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo, akaniomba nifuatane naye ili asije akaambiwa hajasema. Aliweka mezani michoro miwili, wa makaa yaliyochomwa na wa makaa yaliyolala. Bwana Kiptum aliitazama kwa heshima kubwa, kama anavyotazama kila kitu asichokusudia kukisoma. Nyuma yake ukutani palikuwa na kalenda, na kwenye kalenda palikuwa na nitrojeni yenye meno.

"Daktari, mimi sikatai," akasema. "Lakini si ungoje tu ustaafu kwanza? Hii kitu iko kwa bango, iko kwa kalenda, na jiwe tayari imetengenezwa. Ukishaenda nyumbani sisi tutaiangalia pole pole."

Alizungumza kwa upole. Nampa haki yake, alimtakia mema, kwa namna ya mtu ambaye mema anayokutakia hupitia kwake kwanza. Alieleza kwamba wafadhili wanakuja kwenye sherehe, kwamba hakuna aliyelalamika, kwamba nitrojeni haina wakili. Dkt. Rodah aliuliza kama jiwe linaweza kubaki na jina peke yake, bila maneno ya chini. Mkurugenzi akasema jina bila ugunduzi ni la makaburini.

Dkt. Rodah aliinamisha kichwa. Wale mnaomjua mnajua jinsi jambo hilo lilivyo nadra. Alikuwa anatazama mikono yake, yenye weusi wa makaa kwenye kucha, na mimi niliogopa kwamba atakubali. Sitaki kujifanya malaika. Ningekuwa yeye, nimebakisha miezi mitatu, jina langu limeshachongwa kwa dhahabu, ningekubali na kutafuta sababu nzuri nikiwa njiani kwenda nyumbani. Wengi wetu tungekubali. Wengine wetu tumekubali mambo makubwa zaidi kwa jiwe dogo zaidi.

"Bwana Kiptum," akasema mwishowe, "hiyo jina ni yangu. Siwezi kuiweka juu ya makaa imelala."

Akaichukua michoro yake, akashukuru, akatoka. Kabla ya saa ya chai alikuwa amewaandikia wenye jarida la ng'ambo waiondoe makala yake, na amewaandikia wale wa maabara nyingine kwamba wao ndio waliokuwa sahihi, na kwamba jibu alilowapa lilikuwa la kiburi. Neno hilo alilitumia bila kuniuliza kama anaweza kuliazima.

Kisha akaomba nafasi kwenye semina ya Alhamisi. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa tangazo lilikuwa limetaja sambusa. Alisimama mbele akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho, makaa, mkebe, kibuyu na yote. Hakusema makosa yalitokea. Alisema nilikosea. Hakuwataja wakaguzi wala mimi wala mtu yeyote, ingawa angeweza kutugawia kila mmoja kipande chake na bado kingebaki. Mkurugenzi alitoka nje kupokea simu pale makaa yalipotajwa, akarudi sambusa zilipofika. Wengine walikuwa wanatazama chini kwa aibu ambayo, nadhani, haikuwa yao, na kwa hivyo ilikuwa rahisi kuibeba.

Bwana mmoja wa ofisi ya mipango, ambaye kwa wema wangu simtaji, akainua mkono wenye sambusa na kuuliza sasa katika miaka hiyo yote imebaki nini.

"Imebaki nitrojeni," Dkt. Rodah akamjibu. "Iko vile ilikuwa. Sasa tunaijua."

Hakuna aliyepiga makofi. Alikunja waya wa projekta, akauzungusha kwenye kiganja na kiwiko kama anavyofanya siku zote, akaurudisha kwenye boksi lake.

Tangu siku hiyo mambo mengi yamesahihishwa hapa taasisini kwa kasi ya ajabu. Jiwe limerudishwa kwa fundi, na nasikia linachongwa upya kwa ajili ya choo cha wageni kitakachofunguliwa Januari. Kalenda zimeondolewa ukutani isipokuwa ofisi mbili ambazo hazijui mwezi umebadilika. Bango la njia panda bado lipo, kwa sababu kulishusha kunahitaji kamati. Sherehe ya Ijumaa imehamishwa kutoka hemani hadi kantini, na wafadhili wamepata dharura. Nyumba ya karani itaendelea kuitwa Maabara ya Gesi, na Desemba itakapofika mitungi itakuja.

Mkurugenzi alisoma rasimu ya maandishi haya na kuomba yapunguzwe. Bitutu, ambaye ndiye pia mhariri wa jarida hili la taasisi na hamwogopi mtu, amepunguza picha ya Mkurugenzi.

Dkt. Rodah, sijui kuaga. Nimezoea kubishana nawe, na kubishana nawe kulinifanya nifanye kazi vizuri kuliko sifa zote nilizowahi kupewa katika jengo hili. Meza yangu itakuwa na upande mtupu, na sitajifanya kwamba hilo halinisumbui. Nakushukuru kwa oksijeni, kwa hewa kavu, kwa asubuhi zote kabla ya ngurumo. Zaidi ya yote nakushukuru kwa kitu ulichokitoa kwenye jina lako mwenyewe, wakati hakuna aliyekulazimisha na kila mtu alikuwa anakuomba ukiache. Wanafunzi watakaokuja hapa watasoma kwamba nitrojeni haimezi elektroni, hawatajua ni nani aliyekuwa amekaribia kuwafundisha vingine, na ndivyo ulivyotaka.

Nenda Silibwet ukapumzike. Chai yako ichipue, ng'ombe wako wakamuliwe na mikono mingine siku za baridi, binti yako akuletee wajukuu wabishi. Tunakutakia afya, amani na siku ndefu zisizo na kamati. Na wale waliokusihi unyamaze mpaka utoke langoni, mimi nawatakia jambo moja tu: siku moja nao wakosee kosa kubwa kama lako, na wapate uso wa kulisema wakiwa bado kazini.